Umri wa Zege

Niliandika tisa. Siku yenyewe ilikuwa tarehe kumi na mbili, na kila mtu pale kazini alijua ni kumi na mbili, hata mlinzi wa getini ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kusinzia. Nilichovya brashi kwenye kopo la rangi nyekundu, nikachora tarakimu moja kubwa kwenye mti wa kwanza kulia, nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Ilikuwa tisa nzuri. Mkono wangu ulikuwa umetulia asubuhi ile, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa mwezi mzima, nami nikaona ni dalili njema.

Nieleze kazi yangu, maana asiyeijua atadhani nasimulia kosa la kitoto. Zege lina umri. Watu hudhani likishamwagwa linakauka, basi. Halikauki, linakomaa, na bila maji halikomai. Linakaa ndani ya kasha la mbao, limeshikiliwa chini kwa miti, na kila siku mtu analimwagilia mpaka liweze kujibeba lenyewe. Kipande kimoja kinataka siku saba, kingine kumi na nne, kingine mwezi. Jengo letu lilikuwa la ghorofa nne, na lilikuwa na vipande vingi, kila kimoja na siku yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo msimamizi aliweka utaratibu: tarehe ya kumwaga zege inaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye mti wa kwanza kulia, na hakuna ruhusa ya kung'oa mti bila kuisoma.

Mafundi mbao ndio waliouhitaji zaidi utaratibu huo. Walikuja, wakaunda makasha, wakaenda kwenye majengo mengine, wakarudi baada ya wiki mbili kuyafumua. Siku ya kumwaga hawakuwapo. Walichokuwa nacho ni namba kwenye mti, na mwenye brashi nilikuwa mimi. Mimi niliandika, mimi nilimwagilia maji.

Mkuu wa mafundi mbao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Walimwita Futi, kwa sababu alipima kila kitu. Nyumbani kwake hata mkate aliupima kabla ya kuukata, na watoto wake walikua wakiamini kwamba kila baba hufanya hivyo. Ndiye aliyenitafutia kazi. Alisimama mbele ya msimamizi, akaniwekea mkono begani, akasema, "Huyu namjua." Alikuwa ananijua kweli, hilo ndilo jambo lenyewe. Dada alimwomba, naye hakuwa mtu wa kumnyima dada kitu.

Nilikuwa nakunywa. Sitalipamba wala kulitafutia chanzo.

Watu husema mlevi hajali wakati. Wanaosema hivyo hawajawahi kungojea duka lifunguliwe. Nilijua dakika zilizobaki kabla mikono haijaanza kutetemeka, nilijua chupa ndogo itanifikisha wapi na kubwa itanifikisha wapi, na kutoka kwangu hadi kwa muuzaji nilijua ni hatua mia tatu na arobaini. Saa nilikuwa nazo zote. Siku ndizo zilizonipotea. Jana ilikuwa chupa iliyokwisha. Kesho ilikuwa mahali pazuri sana. Niliacha pombe huko zaidi ya mara elfu. Katikati palikuwa na leo moja ndefu, isiyo na jina, nami niliishi humo kama mpangaji asiyejua mkataba wake unaisha lini.

Alhamisi ya tarehe nane saruji iliisha. Msimamizi akatuambia twende nyumbani, tutaitwa ikifika. Nilipitia chupa zangu, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Ninayoyakumbuka baada ya hapo ni machache: dirisha lenye mwanga, dirisha lisilo na mwanga, jirani akifua, kisha tena jirani akifua. Mlango ulipogongwa niliamini nimelala usiku mmoja. Kwa nini nisiamini? Nilikuwa na shati lilelile.

Aliyegonga alikuwa mwendesha mashine ya kuchanganyia zege, mtu mnene, mcheshi, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwangu.

"Amka bwana, saruji imefika. Leo tunamwaga paa la mlangoni."

"Mbona haraka hivyo?"

"Haraka?" Akacheka mpaka akashika kizingiti. "Wewe ukipumzika, unapumzika kweli."

Nililichukulia kama utani wake wa kila siku. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji tangu lini sijui. Njiani ningeweza kumuuliza leo tarehe ngapi, na hapo ndipo ningependa mtu aelewe. Wiki mbili kabla, msimamizi alinionya kwa mara ya mwisho, shemeji akiwa amesimama pale pale, akitazama viatu vyake. Tangu siku ile walinichunguza. Mtu mwingine akiuliza tarehe, anajibiwa na mambo yanaendelea. Mimi ningeuliza, wangetazamana. Kwa hiyo nikahesabu mwenyewe, kwa akili yangu timamu kabisa: jana nane, leo tisa.

Paa hilo lilikuwa juu ya mlango mkuu, limetokeza nje mita moja na nusu bila nguzo hata moja chini yake, kama rafu iliyopigiliwa ukutani. Kwa kipande kama kile, siku kumi na nne si nyingi. Mimi nililipunguzia. Siku tatu nilizozipoteza chumbani zilihamia kwenye zege, likawa na umri ambao halijauishi.

Niligundua pengo langu siku mbili baadaye, asubuhi niliyodhani ni Jumapili, nilipochungulia nje nikaona watoto wamevaa sare wanakwenda shule. Nilikaa kitandani nikahesabu kwa vidole. Ilikuwa Jumatano. Nilicheka, kisha nikaogopa, kisha nikanywa kwa sababu ya kuogopa, nikaenda kazini. Siku nilizirekebisha kichwani mwangu. Kwenye mti sikurekebisha. Nikisema nilisahau nitakuwa nimejisifu, kwa maana ili usahau ni lazima kwanza uwe umekumbuka. Kila nilipopita na mpira wa maji nilipita chini ya ile tisa, na sikuisoma, kama ambavyo mtu hasomi kibao cha mtaa anaokaa. Na kuna siku mpira wa maji wenyewe sikuushika, nikaandika kwamba nimeushika.

Tarehe ishirini na tatu, Ijumaa, shemeji alirudi na wenzake wawili na mitaimbo yao. Alikuwa na furaha. Dada alikuwa amemtengenezea shati jipya la kazi, na alikuwa ameliingiza ndani ya suruali kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Akaupiga mti wa kwanza kwa kiganja.

"Kumi na nne zimetimia, shemeji. Halafu mwandiko wako siku hizi unasomeka."

Hapo nikaisoma. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Nilisimama mbele ya mti nikihesabu, na nikaona jambo zima likifunguka: yule mtu mnene akicheka kizingitini, jirani akifua mara mbili, watoto wenye sare. Zege lilikuwa na siku kumi na moja. Juu yake matofali yalikuwa yamepangwa tangu jana yake, safu nne, kwa sababu msimamizi naye alikuwa amesoma mti.

Sitaki kudai kwamba sikuelewa hatari. Nilielewa vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwapo. Kusema kulihitaji maneno manne tu: tarehe hii si sahihi. Lakini baada ya maneno manne lingekuja swali, na msimamizi alikuwa hatua kumi kutoka pale, ameshika kikombe chake cha chai. Ulikuwa wapi siku tatu? Na shemeji, aliyesema huyu namjua, angelisikia jibu mbele ya wenzake. Mikono ilianza. Nikaiweka mifukoni. Nikajiambia kwamba habari kama hii inatolewa na mtu aliyetulia, aliyejipanga, na kwamba glasi moja ingenifikisha kwenye utulivu huo kwa dakika kumi, na miti haing'oki kwa dakika kumi.

"Usianze kwanza," nikamwambia. "Nakuja sasa hivi."

"Sasa hivi yako au ya watu?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikavuka barabara.

Chumba cha muuzaji wa pombe pale ng'ambo kilikuwa na meza tatu na dirisha lililoangalia ukuta. Alinimiminia bila kuuliza. Glasi ya kwanza ilikuwa ya mikono, nayo ilifanya kazi yake. Nikaanza kupanga sentensi. Maneno manne yalionekana makavu mno, kwa hiyo nikayaongezea utangulizi: shemeji, kuna jambo dogo. Lakini halikuwa dogo, nikalitoa. Glasi ya pili ilikuwa ya kutafuta neno zuri zaidi. Nilikumbuka pia kwamba ningeweza kumlaumu aliyeleta saruji, nikaifuata njia hiyo mpaka mwisho wake, nikaiacha, nikajiona mwadilifu kwa kuiacha. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu. Sentensi ilikuwa karibu kukamilika, na ilikuwa sentensi nzuri. Hata sasa naweza kuisema yote.

Kisha nikasikia lori likimwaga kokoto. Ndivyo nilivyosikia. Nikawaza, kokoto zimefika.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza muuzaji.

"Saa sita kasoro robo."

"Saa yako mbovu," nikamwambia, na nilimaanisha. Ningeapa mahakamani kwamba nilikaa pale dakika ishirini.

Alitazama mlangoni, kwa sababu nje watu walikuwa wanakimbia.

Vumbi lilikuwa bado halijatua. Lile paa lilikuwa limeinama lote, likashikwa na nondo upande wa ukutani, na upande wa nje lilikuwa limelala juu ya matofali yake, na chini ya matofali alikuwa shemeji, kuanzia magoti kwenda chini. Wenzake wawili walikuwa wameruka; mmoja alichubuka bega. Yeye alikuwa amelala chali akiwaelekeza kwa sauti ya kawaida wapi waingize mtaimbo, wapi wasiguse, na umbali wa kila kitu kwa sentimita. Aliponiona alinyamaza. Nilipiga magoti nikaanza kuondoa matofali, na mikono yangu, ninaona aibu kusema, ilikuwa imetulia kabisa.

Mguu wa kushoto ulikatwa siku ya pili, chini ya goti.

Dada alikuja hospitalini na viatu visivyofanana, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Alinikuta kwenye benchi la korido. Hakupiga kelele. Alikaa kando yangu, akaniuliza swali moja.

"Ulijua?"

"Sikujua," nikasema. "Nilidhani ni tarehe tisa, dada. Wallahi nilidhani ni tisa."

Lilikuwa kweli kwa tarehe kumi na mbili. Kuhusu ishirini na tatu hakuuliza, na mimi sikujibu nisichoulizwa. Dada alilia, akanishika mkono. Alinihurumia. Tangu siku ile alimwambia kila mtu kwamba mdogo wake alikosea hesabu, na kwamba kukosea hesabu kunaweza kumpata yeyote. Mhandisi aliyekuja kuchunguza aliandika sababu tatu: umri, mzigo, na maji machache. Msimamizi alinifukuza kwa upole. Nilikaa ndani ya huruma ya dada yangu miaka minane, na sijawahi kukaa mahali penye baridi kiasi kile.

Ningependa kusema kwamba niliacha pombe siku ile. Niliacha baada ya miaka miwili, katika wiki ya kawaida, bila sababu inayofaa kusimuliwa. Hospitali, vidonge, jasho, chumba chenye vitanda sita. Wengi walinionya kuhusu kiu. Hakuna aliyenionya kuhusu alasiri. Sikujua kwamba alasiri ni ndefu hivyo. Saa nane inaingia, unafagia chumba, unafua soksi, unapanga vijiko, unatazama, ni saa nane na dakika kumi na tano. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa na nilikuwa sijui watu hufanya nini na alasiri. Halafu polepole siku zikaanza kuwa na majina. Jumanne ikawa Jumanne. Siku moja niligundua kwamba nangojea Alhamisi kwa sababu ya jambo la Alhamisi, nikasimama katikati ya barabara nikiwa nimefurahi kama mjinga, mpaka dereva akanipigia honi.

Ila siku zikiwa na majina, na siku za nyuma hudai yao. Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu, saa moja na nusu mpaka saa sita kasoro robo. Zile saa nne na robo ambazo sikuziishi zilinirudia moja moja, kila moja na dakika zake zote.

Shemeji alifungua karakana nyuma ya nyumba. Alikuwa anatengeneza milango na fremu za madirisha, akiwa amekaa kwenye kiti kirefu alichojiundia, mguu wa bandia ameuvua na kuuegemeza mezani kwa sababu ulimchoma mchana wa joto. Nami nilikuwa nakwenda kumsaidia siku za mapumziko. Hatukuongea sana. Alinitania bado, lakini kwa kipimo.

Nilimwambia Jumapili moja, tukipiga randa ubao wa mlango. Sikujipanga. Nilisema, "Shemeji, siku ile nilijua. Tangu saa moja na nusu. Nilivuka barabara nikijua."

Aliendelea kupiga randa mpaka mwisho wa ubao. Akapuliza vumbi. Akapitisha kidole gumba.

"Nilikuona," akasema.

"Ulinionaje?"

"Ulikuwa umesimama mbele ya mti, midomo inahesabu. Mtu hahesabu tarehe nzuri." Aliweka randa chini. "Nikawaambia wenzangu tuanze na madirisha ya nyuma. Tukafumua madirisha yote. Tukapanga mbao. Tukanywa maji. Nikakaa chini nikakungoja. Nilijua uko wapi. Nikasema, mwache anywe hiyo moja, atakuja aseme."

Nilitaka anipige. Nilitaka hilo kwa nguvu, kwa mwili mzima, kama nilivyowahi kutaka kitu kingine kimoja tu maishani.

"Saa tano na nusu msimamizi akaja," akaendelea. "Akauliza mbona miti bado imesimama. Nikamwambia namngoja shemeji. Wakacheka wote. Yeye, wenzangu, hata mlinzi. Unamngoja yule? Nikaona aibu. Nikasema, kama lingekuwa jambo zito angekuwa ameshakuja. Nikashika nyundo."

"Shemeji, kosa ni langu."

"Kosa ni lako, sikunyang'anyi." Alikuwa anaukanda mguu wake juu kidogo ya pale unapoishia. "Lakini mkono ulioshika nyundo ulikuwa na shaka, na haukusimama. Wenzangu wawili walikuwa chini ya lile paa pamoja nami. Ningewaua kwa ajili ya kuchekwa."

Nilimuuliza kama dada anajua.

"Dada yako anajua ulikosea hesabu, na mimi niliangukiwa. Ndivyo tulivyomwambia, kila mtu kwa upande wake. Miaka yote hii anawaambia watu." Alitabasamu kidogo, bila raha. "Nilikuwa nasubiri wewe uanze. Kisha nikazoea kusubiri. Kusubiri nako kunanoga, usidhani ni pombe peke yake."

Sauti ya sahani ilisikika kutoka ndani, kisha bomba likafungwa, kisha malapa ya dada yakivuka ua. Nilitazama mlango na nikaona jinsi ambavyo ingekuwa rahisi: ningesema tunaongelea bawaba, angecheka, tungekula, Jumatatu ingekuja. Niliiona nafasi hiyo ikipita, na niliuona urefu wake halisi, sekunde tano au sita.

Dada aliingia na jagi la maji na bilauri mbili. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, jinsi anavyotazama maziwa yaliyo jikoni.

"Nyie mna nini?"

Shemeji akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakipangusa vumbi la mbao kwa kiganja, akakisogeza upande wake.

"Kaa, mke wangu," akasema. "Mdogo wako ana neno. Akimaliza, nami ninalo."

Dada hakukaa mara moja. Aliweka jagi mezani kwanza, akazipanga bilauri vizuri, akafuta mikono kwenye gauni lake, pande zote mbili. Kisha akakaa, akanigeukia mimi, na nikaanza na saa moja na nusu.